Mboga Isiyo na Jina: Kwa Nini Kipimo cha Maabara Peke Yake Hakitatulinda

Umoja wa Ulaya una kanuni iliyotolewa mwaka 2019, yenye namba 2019/1793, inayoorodhesha vyakula vya nchi za nje ambavyo hukaguliwa zaidi ya kawaida mipakani kabla ya kuruhusiwa kuingia sokoni. Orodha hiyo hupitiwa upya kwa vipindi visivyozidi miezi sita. Miongoni mwa bidhaa zilizopata kuandikwa humo ni pilipili kali za Uganda, na sababu iliyotajwa ni mabaki ya dawa za wadudu. Kabla ya hapo, tangu Januari 2013, maharage mabichi ya maganda na njegere za maganda kutoka Kenya zilikwisha kuwekewa sharti kwamba shehena moja katika kila kumi ipimwe. Kwa hiyo jambo tunaloliandikia leo si geni, wala si la nchi moja. Ni jambo la Afrika Mashariki nzima.

Huenda wako watakaouliza: mabaki ya dawa katika pilipili yawahusu nini askari wa jeshi na wa polisi? Jibu letu ni kwamba yawahusu kwa njia tatu. Kwanza, askari hula chakula kilichonunuliwa kwa wingi na kupikwa katika chungu kimoja, hata kosa la gunia moja likawa kosa la kikosi kizima. Pili, dawa za bandia na za magendo hupita mipakani na barabarani, mahali ambapo mlinzi wa kwanza ni askari. Tatu, kazi ya maabara inafanana sana na kazi ya upelelezi, na udhaifu wake ni ule ule unaoharibu kesi mahakamani.

Twapenda kusema wazi tangu mwanzo fikra tutakayoitetea katika makala haya. Kipimo cha maabara humlinda yule tu anayeweza kuifuata nyayo ya mboga mpaka shambani ilikotoka. Mboga za kupelekwa Ulaya zina nyayo hiyo. Mboga tunazokula sisi wenyewe, kwa sehemu kubwa, hazina.

UKOO WA SUMU HIZI

Askari aliyefunzwa kujikinga na silaha za kemikali atakuwa amezisikia gesi ziitwazo tabuni na sarini. Sumu hizo hazikuzaliwa katika kiwanda cha silaha. Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani, Gerhard Schrader, mtumishi wa kampuni ya IG Farben, alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu wa mimea alipokipata kitu kikali mno, ambacho ndicho kilichokuja kuitwa tabuni. Mwaka 1938 ikafuata sarini. Watawala wa Ujerumani wa wakati ule walizichukua ziwe silaha. Ndugu zao walio dhaifu zaidi wakabaki na kazi ile ya asili, yaani kuua wadudu shambani. Mmoja wao ni parathioni, ambayo Schrader huyo huyo aliivumbua. Baadaye zikaja nyingine za ukoo huo: dimethoeti, klorpirifosi, monokrotofosi.

Namna zinavyofanya kazi ni moja. Mwilini mwa mtu, kama mwilini mwa mdudu, kimo kimeng'enya kinachoizima ishara ya neva mara inapokwisha kutimiza kazi yake. Sumu hizi hukifunga kimeng'enya hicho, na ishara isizimike. Mtu aliyepata sumu nyingi mboni za macho yake husinyaa, hutokwa na mate na jasho jingi, tumbo humwendesha, misuli humchezacheza, na mwisho pumzi humkatika. Dawa ya hospitali inayotumika kumwokoa mgonjwa wa sumu hizi za shambani, yaani atropini, ndiyo hiyo hiyo anayopewa askari aliyepigwa kwa gesi ya neva.

Hatusemi kwamba nyanya ya sokoni ni silaha. Kila sumu huamuliwa kwa kipimo chake, na dawa nyingi za mimea si za ukoo huu hata kidogo. Lakini twataka ieleweke kwamba vitu vinavyopimwa na maabara si uchafu wa kawaida. Ni kemikali zilizotengenezwa kwa makusudi ziue, na hekima yote ya matumizi yake ni kuhakikisha kwamba zinaua kile tu kilichokusudiwa.

Historia ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1985, katika jimbo la California nchini Marekani, watu zaidi ya elfu moja waliripotiwa kuugua baada ya kula matikiti maji. Maabara zilikuta humo mabaki ya aldikabu, dawa ambayo haikuruhusiwa kutumika katika matikiti. Dawa hiyo hutiwa udongoni, hunyonywa na mizizi, na huingia ndani ya tunda lenyewe. Wala kuosha hakuwezi kuitoa. Matikiti mengi yaliharibiwa, ya wakulima wenye hatia na ya wasio na hatia, kwa kuwa kwa macho hayakuweza kutenganishwa.

Mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 wa shule moja ya msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana kilichopikwa shuleni. Uchunguzi wa maabara ya serikali ulionyesha kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi. Hapo dawa haikutoka kwenye ngozi ya mboga. Iliingia jikoni. Tunaitaja habari hiyo kwa sababu jiko la shule na jiko la kambi ni ndugu: mpishi mmoja, chungu kimoja, na walaji wengi wasio na la kuchagua.

KINACHOFANYIKA NDANI YA MAABARA

Ili msomaji aweze kupima uzito wa cheti cha maabara, yafaa ajue kinapatikanaje.

Kazi huanza nje ya maabara, penye shehena. Mkaguzi hawezi kupima lori zima. Huchukua sehemu chache zisimame badala ya zote. Miongozo ya Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, imeeleza jambo hili kwa hesabu. Shehena isiyofika kilo 50 yatakiwa ichotwe mahali pasipopungua 3. Ya kilo 50 hadi 500, mahali 5. Izidiyo kilo 500, mahali 10. Kwa mazao ya ukubwa wa kati, kama nyanya, sampuli ya kupelekwa maabara isipungue kilo moja na matunda 10. Mkaguzi anayechota juu ya sanduku la kwanza tu, kwa kuwa jua ni kali na dereva ana haraka, amekwisha kuharibu kazi yote itakayofuata, hata kama mashine ya maabara ni ya thamani kiasi gani.

Sampuli ikifika, husagwa pamoja mpaka iwe kama uji mmoja. Huchukuliwa sehemu ndogo, kwa kawaida gramu 10 au 15, ikatiwa katika chupa pamoja na kiyeyusho kiitwacho asetonitrili na chumvi maalumu, ikatikiswa, kisha ikazungushwa kwa kasi kubwa ili maji na takataka zijitenge na dawa. Njia hii, iliyotangazwa mwaka 2003 na wataalamu Michelangelo Anastassiades na Steven Lehotay pamoja na wenzao, iliurahisisha sana uchunguzi, kwa kuwa hutumia kemikali chache na muda mfupi, na kwa mara moja huzitoa dawa za aina nyingi.

Baada ya hapo maji hayo yaliyosafishwa huingizwa katika mashine ya kromatografia. Asili yake ni ya zamani: mapema katika karne ya 20 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alizitenga rangi za majani kwa kuzipitisha katika mrija uliojazwa unga wa chokaa, kila rangi ikashuka kwa mwendo wake. Mashine za leo hufanya vivyo hivyo kwa dawa. Kila moja hutoka kwa wakati wake, halafu mashine ya pili huzivunja molekuli zake na kuzipima vipande kwa uzito. Wakati wa kutoka pamoja na uzito wa vipande ndivyo alama za vidole vya dawa ile.

Udogo wa kinachotafutwa ni wa kustaajabisha. Katika sheria ya Umoja wa Ulaya namba 396 ya mwaka 2005, dawa ambayo haikuwekewa kiwango chake maalumu hupewa kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula. Hiyo ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika tani 100 za maharage, yaani malori kumi ya tani kumi kumi.

MAABARA HUONA INACHOKITAFUTA

Hapa twafika penye jambo ambalo wengi hawalijui. Watu hudhani kwamba mboga ikipelekwa maabara, mashine itasema yote yaliyomo. Sivyo. Maabara huwa na orodha ya dawa inazozitafuta. Kisichokuwamo katika orodha hakiulizwi, na kisichoulizwa hakijibu. Cheti kinachosema "hapakuonekana kitu" maana yake ni kwamba hapakuonekana kitu katika vile vilivyotafutwa, kwa kiwango ambacho mashine ile inaweza kukiona.

Mfano ulio karibu nasi ni mankozebu, unga wa kuzuia ukungu unaotumiwa sana katika nyanya na viazi. Dawa hii haiyeyuki katika ile njia nyepesi tuliyoieleza. Hupimwa kwa njia yake peke yake: zao huchemshwa katika tindikali mpaka dawa ivunjike na kutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo ndiyo inayopimwa. Kwa hiyo maabara inaweza kuzitafuta dawa 300 kwa uaminifu wote, ikatoa cheti safi kwa sanduku la nyanya lenye mankozebu tele, na isiwe imesema uongo. Kosa ni la yule aliyeuliza swali lisilofaa. Vivyo hivyo dimethoeti, ikikaa mmeani, hugeuka kwa sehemu kuwa omethoeti, iliyo kali zaidi. Anayemtafuta mzazi peke yake humkosa mtoto aliye hatari kuliko mzazi.

Polisi wanalifahamu jambo hili kwa jina jingine. Shahidi hujibu anachoulizwa. Kielelezo kisichofungwa kwa lakiri, kisichoandikwa kilipatikana wapi, lini na kwa mkono wa nani, hakisimami mbele ya hakimu. Sampuli ya mboga ni kielelezo. Hutakiwa ifungwe, ipewe namba, ihifadhiwe kwenye baridi, na sehemu yake iwekwe akiba ili mwenye mali akibisha ipimwe tena. Tena maabara zenyewe huwa na namna ya kumpa mshukiwa faida ya shaka. Katika Umoja wa Ulaya, kabla ya kulitia zao hatiani, maabara za ukaguzi hupunguza nusu ya kiasi kilichosomwa na mashine, kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na tofauti ndogo. Zao lenye kiwango cha miligramu 0.01 likisomwa 0.015 halihukumiwi kwa kuvunja sheria. Hukumu huja pale ambapo, hata baada ya kupunguza, kiasi bado kinazidi.

Jambo jingine la kueleweka ni maana ya viwango vyenyewe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa si mpaka kati ya uzima na mauti. Huwekwa kwa kuangalia kiasi kitakachobaki iwapo mkulima ametumia dawa iliyosajiliwa, kwa kipimo kilichoandikwa, akangoja siku zilizoamriwa kabla ya kuvuna. Kisha huangaliwa kama kiasi hicho ni salama kwa mlaji. Kwa hiyo zao lililozidi kiwango ni ishara kwamba shambani amri imevunjwa. Huenda lisimdhuru mlaji wa siku moja, lakini latuambia kwamba kuna mkulima ambaye, kwa kutojua au kwa tamaa, ameacha njia.

NANI HASA ANALINDWA?

Sasa na tuifuate nyayo. Sanduku la maharage mabichi linapokataliwa katika uwanja wa ndege wa Ulaya, karatasi zake hutaja kampuni iliyolipeleka, na vitabu vya kampuni hutaja kundi la wakulima, shamba, siku ya kuvuna na dawa zilizopigwa. Kabla ya wiki kwisha, mkaguzi wa Nairobi au Entebbe aweza kusimama penye tuta lenyewe. Kipimo kimefanya kazi yake, kwa kuwa kilikuwa na mtu wa kumrudia.

Na tulifuate sanduku la nyanya liendalo Kalerwe au Nakasero jijini Kampala. Mchuuzi amenunua kwa wakulima kadhaa wa vijiji mbalimbali, akachanganya, akauza kwa mwenye lori, naye akauza kwa wauzaji wa jumla, nao wakauza kwa wenye meza. Tuseme sampuli imechukuliwa asubuhi na maabara ikajibu siku tano baadaye kwamba dawa imezidi. Nyanya zimekwisha kuliwa. Mwenye meza hamjui mkulima. Mwenye lori hakumbuki. Mashine ya mamilioni ya shilingi imesema kweli, na kweli hiyo haina pa kwenda.

Na sababu ya kupima nyanya hizo ipo. Utafiti kuhusu nyanya za Uganda uliochapishwa mwaka 2017 ulieleza kwamba wako wakulima wanaopiga mankozebu siku chache tu kabla ya kuvuna, na wengine hupiga hata baada ya kuvuna ili nyanya zisioze upesi njiani. Mkulima huyo si mwuaji. Ameona hasara ya nyanya zinazooza, hana ghala la baridi, barabara ni mbaya, na dawa ni rahisi. Lakini mlaji ndiye anayelipa gharama ya barabara ile kwa afya yake. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kuosha kwa maji hupunguza mabaki, kwa kuwa mankozebu hukaa juu ya ngozi ya tunda. Basi hapo maji ya mpishi yana faida ambayo maabara haikuifikia kwa wakati.

Kwa hiyo yatupasa kuacha kuifikiria maabara kama kizuizi cha barabarani kinachosimamisha kila gari. Mboga huharibika upesi na kipimo huchukua siku. Maabara ya soko la nyumbani ni idara ya upelelezi: kazi yake ni kujua ni zao gani, kutoka wilaya gani, msimu gani, lina dawa ipi, ili wakaguzi na mabwana shamba wapelekwe panapohusika kabla ya msimu ujao. Upelelezi usiojua majina ya mahali haufai kitu.

NENO JUU YA HAKI

Wako wenzetu wanaosema kwamba viwango vya Ulaya ni ukuta wa biashara uliovikwa joho la afya. Hatuwezi kuyapuuza maneno hayo. Dawa ikinyimwa kibali Ulaya, kiwango chake mara nyingi hushushwa mpaka kufikia ile miligramu 0.01, na mkulima wa huku huambiwa akiwa amekwisha kuinunua dukani kwa leseni halali ya nchi yake. Tena dawa zilizokatazwa kutumika katika mashamba ya Ulaya zimeendelea kutengenezwa huko na kuuzwa nchi za nje. Ufaransa ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022, na hilo lilikuwa jambo la pekee la kutajwa. Mwenye kuikataa sumu mezani pake asiitengeneze kwa ajili ya meza ya mwenzake.

Hata hivyo, hoja hiyo isitupumbaze. Iwapo klorpirifosi si salama kwa mtoto wa Brussels, si salama kwa mtoto wa Mbale. Umoja wa Ulaya uliinyima kibali kipya mwaka 2020. Mwaka 2025 mataifa wanachama wa Mkataba wa Stockholm yaliiingiza katika orodha ya kemikali za kukomeshwa duniani, pamoja na ruhusa chache za muda. Mwaka huo huo Kenya ilitangaza kuziondoa sokoni bidhaa 77 za dawa za mimea. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na taasisi ya utafiti wa dawa hizi mjini Arusha, iliyaunganisha majukumu ya afya ya mimea na viuatilifu chini ya mamlaka moja kwa sheria ya mwaka 2020. Majirani wanatembea. Nchi inayobaki nyuma huwa jaa la dawa walizozikataa wenzake, kwa kuwa mfanyabiashara wa magendo hupeleka mzigo pale panapolala usingizi.

Hapo ndipo kazi ya askari inapoonekana. Uganda inayo sheria ya udhibiti wa kemikali za kilimo iliyotungwa mwaka 2006. Sheria hiyo haiwezi kujisimamia yenyewe Busia, Malaba, Mutukula au Katuna. Chupa isiyo na namba ya usajili, lebo iliyobandikwa juu ya lebo, kifuniko kilichowahi kufunguliwa, dawa iliyogawanywa katika chupa za soda: haya si mambo ya kumwachia bwana shamba peke yake. Dawa ya bandia humdhuru mkulima mara mbili. Ikiwa hafifu, huongeza kipimo na kurudia kupiga mpaka karibu na kuvuna. Ikiwa imechanganywa na dawa nyingine isiyoandikwa, zao lake hukataliwa kwa kosa asilolijua.

MAMBO YANAYOWEZEKANA

Hatupendi kumaliza kwa kulalamika. Uganda tayari inayo maabara ya serikali ya uchunguzi Wandegeya, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo polisi huipelekea vielelezo, na ambayo inayo pia idara ya mabaki ya dawa. Iko pia maabara ya shirika la viwango huko Bweyogerere. Kwa hiyo vyombo vya kuanzia vipo. Kinachokosekana ni mahali ambapo mnunuzi ana nguvu ya kudai jina la shamba.

Mahali hapo, kwa maoni yetu, ni penye majiko makubwa ya umma: kambi za jeshi, vyuo vya polisi, magereza, shule na hospitali. Mama anayenunua nyanya nne hawezi kumwuliza mwenye meza cheti. Lakini mahali kama Kabalye au Kaweweta, penye kulisha vijana kwa mamia, mnunuzi hununua kwa mkataba, na mkataba waweza kuwa na masharti. Sharti la kwanza liwe kwamba kila mzigo wa mboga uje na karatasi inayotaja kijiji, jina la mkulima au chama chake, siku ya kuvuna, na dawa iliyopigwa mwisho pamoja na tarehe yake. Sharti la pili liwe kwamba mizigo michache, iliyochaguliwa pasipo taarifa, ichotwe kwa kanuni na kupelekwa maabara, na orodha ya dawa za kutafutwa iwe na zile zitumikazo kwetu kweli, mankozebu ikiwamo. Sharti la tatu liwe kwamba jibu lirudishwe shambani, kwanza kwa mafunzo, na kwa adhabu pale tu mtu aliyefunzwa anaporudia.

Twafahamu kwamba watu watasema gharama ni kubwa. Ni kweli kwamba kipimo kimoja si rahisi. Lakini si kila mzigo upimwe. Karatasi ya asili ya mzigo haigharimu fedha nyingi, na hofu ya kuweza kupimwa hufanya kazi hata siku ambazo hakuna aliyepima. Doria haipiti kila njia kila saa, lakini mwizi hajui itapita ipi. Zaidi ya hayo, mkulima aliyezoea kuandika dawa zake kwa ajili ya kambi atakuwa amejitayarisha kuuza ng'ambo, na masoko ya mjini nayo yatajifunza kuuliza.

Wakati mipango hiyo ikingojewa, yako yanayowezekana leo jikoni. Nyanya, pilipili na matunda yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka na kusuguliwa kwa mkono. Majani ya nje ya kabichi yaondolewe. Hii haitoi dawa zilizoingia ndani ya tunda, lakini hupunguza zilizoko juu. Dawa za shamba la kikosi zisiwekwe katika ghala moja na chakula. Chupa na madebe ya dawa yakisha kuwa matupu yasuuzwe mara tatu, maji yake yamwagwe ndani ya pampu ya kupulizia na si mtoni, kisha yatobolewe ili mtu asije akayatilia mafuta, maji wala chumvi. Na mganga wa kikosi anapopokea watu kadhaa kwa mara moja wenye mate mengi, jasho na mboni zilizosinyaa, asifikiri malaria wala pombe kwanza. Amwulize mpishi chakula kilitoka wapi, na mabaki ya chakula hicho yahifadhiwe kama kielelezo.

Nchi huipima nguvu ya jeshi lake kwa silaha na kwa mafunzo, lakini silaha hubebwa na mwili, na mwili hujengwa na chakula. Tunawapima pilipili wanaokwenda kuliwa ng'ambo kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo amedai kujua zimetoka shamba gani. Siku ambayo jiko la kambi litadai vivyo hivyo, nyanya ya Kalerwe nayo itaanza kuwa na jina la mwenyewe, na cheti cha maabara kitakuwa na mlango wa kubisha hodi.